Mnatafuta Nini? Siku za Juni Kati ya Bagamoyo na Nzega

Jumamosi, Bagamoyo

Kabla ya kuanza safari ya kwetu Nzega nimepita kwenye makaburi ya wamisionari. Misalaba ni mingi, na nimeisoma mmoja mmoja, jina na miaka. Wengi walikufa vijana kabisa. Wapo ambao hawakufikia umri nilionao, na mimi nina miaka 29. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar mwaka 1868, wakajenga hapa kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Homa ikawa inawachukua mmoja baada ya mwingine, na meli zikaendelea kuleta wengine. Mimi ni mwalimu wa fizikia na hisabati katika sekondari moja ya mkoa huu, na nimeshawaleta wanafunzi hapa kwa ziara. Leo nimekuja na jambo langu mwenyewe.

Sikupita seminari ndogo. Nimesoma shule za serikali, nikamaliza chuo kikuu, naishi kwa mshahara wa ualimu. Wazo la upadre lilinijia nikiwa mtu mzima, katika kipindi nilichokuwa nakwenda Misa ya alfajiri kabla ya vipindi, na halijaondoka. Nimelisali, nimelifukuza, nimelinyamazia, bado lipo. Mwishowe nilimwandikia mlezi wa miito wa jimbo la nyumbani. Jibu lake lilikuwa fupi: nitumie likizo ya Juni kufanya mafungo Tabora, siku tatu za sala na ukimya, nije na Biblia, daftari na sweta, na nisije na jibu. Amenipangia maandiko ya njiani na ya mafungo, moja kwa siku. Nisome hilo tu, nisirukie mengine.

La leo ni Yohane 1:35-42. Nimelisoma ufukweni, jahazi zikiwa zimelalia ubavu kwa maji kupwa. Maneno ya kwanza kabisa ya Yesu katika Injili ya Yohane ni swali: “Mnatafuta nini?” Hakuwaambia wale wanafunzi wawili anachotaka wawe. Aliwauliza wanachotaka wao. Nao hawakuwa na jibu, wakauliza na wao, “Rabi, unakaa wapi?” Akawaambia, “Njoni, nanyi mtaona.” Wakaenda, wakakaa kwake siku ile. Mwinjili anakumbuka hata saa: yapata saa kumi. Naamini aliyeandika hivyo alikuwa akisimulia jambo lililogeuza maisha ya mtu, maana siku za kawaida hakuna anayezikumbuka kwa saa.

Nimeona na jingine. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefika kwa Yesu peke yake. Wale wawili walionyeshwa na Yohane Mbatizaji, ambaye kwa kuwaonyesha alikuwa anapoteza wanafunzi wake. Simoni aliletwa na ndugu yake Andrea. Mimi jambo hili nimelibeba kama siri ya kifua changu, na nimekuwa nikidhani kwamba ndivyo wito unavyopaswa kuwa, kati ya Mungu na mimi. Nimeandika daftarini: Nani ananionyesha? Nafasi ya jibu nimeiacha wazi.

Jumatatu, Dar es Salaam hadi Dodoma

Jana ilikuwa Misa na kufunga mizigo, basi.

Treni ya umeme inakwenda kiasi kwamba ukisinzia kidogo Pugu unaamka milima ya Uluguru iko dirishani. Andiko la leo ni la Elisha, 1 Wafalme 19:19-21. Yuko shambani analima na jozi kumi na mbili za ng’ombe mbele yake, yeye akiwa na ile ya kumi na mbili. Eliya anapita, anamtupia vazi lake, hasemi neno. Elisha anamkimbilia, anaomba ruhusa akambusu baba yake na mama yake, kisha atamfuata. Eliya anamwambia aende, arudi.

Hapo nilisimama muda mrefu, kwa sababu Injili ya Luka, sura ya 9, ina mtu anayeomba jambo lilelile, kuwaaga watu wa nyumbani mwake, na Yesu anamjibu kwamba atiaye mkono kulima kisha akatazama nyuma hafai kwa ufalme wa Mungu. Nilikwenda kulisoma ingawa halikuwa kwenye orodha. Maandiko haya mawili hayapatani kwa haraka, wala sitaki kuyapatanisha kwa nguvu. Ninachokiona ni kwamba Elisha aliporudi hakurudi kukaa. Alichinja ile jozi ya ng’ombe, akaipika nyama kwa kuni za vyombo vyao vya kulimia, akawapa watu wakala. Alirudi ili asibakize kitu cha kurudia. Na watu wa kwao hawakuamka asubuhi wakakuta kitanda kitupu. Walikula pamoja naye, wakajua anakwenda wapi na anamfuata nani.

Mama yangu hajui lolote.

Nimelala kwa dada yangu mkubwa hapa Dodoma. Baada ya chakula, shemeji alipotoka kufunga geti, nilimweleza. Alinisikiliza akikunja nguo za watoto, shati juu ya shati.

“Mdogo wangu,” akasema, “sisi wasichana tumeolewa, tuko kwenye miji ya watu. Wewe ndiye mtoto wa kiume peke yako. Ukienda, mji wa baba anaushika nani?”

“Sijaamua, dada.”

“Hujaamua, lakini treni umeshapanda.”

Sikuwa na la kusema. Akauliza kama mama ameshaambiwa, nikamjibu kuwa nakwenda kumwambia mwisho wa wiki. Akamaliza kukunja. “Mwambie wewe mwenyewe, uso kwa uso. Asije akasikia kwa katekista.” Kisha akawaita watoto, tukasali rozari, na kumi la mwisho akalitolea kwa ajili yangu, akitaja jina langu tu bila kueleza sababu.

Jumanne, Dodoma hadi Tabora

Basi la asubuhi. Andiko la leo ni Yeremia 1:4-10, na nimelisoma nusunusu kwa sababu ya video iliyokuwa ikipiga kelele juu ya vichwa vyetu mpaka Manyoni. Yeremia anasema hajui kunena kwa kuwa ni mtoto. Anaambiwa asiseme hivyo. Mimi siwezi kujitetea kwa utoto. Utetezi wangu ni kinyume chake, kwamba nimechelewa, nitakaa darasani na vijana niliowafundisha. Nadhani jibu ni lilelile.

Kuanzia Itigi nimefunga Biblia nikatazama nje. Kuna vile vichaka vizito vya Itigi ambavyo mtu akiingia hatua kumi haonekani, halafu ardhi inafunguka, miombo inaanza, na kandokando ya barabara chupa za asali zinapangwa juu ya vigoda. Hapo ndipo mwili wangu hujua kuwa unakwenda kwao.

Njia hii, au iliyokuwa jirani yake, babu zangu waliipita kwa miguu. Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wa misafara kati ya pwani na bara, na katika ukoo wetu wapo wanaotajwa mpaka leo kwa kuwa “walikwenda pwani”. Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika kumi, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, waliondoka Bagamoyo kuja huku. Padre Pascal, aliyekuwa ameteuliwa kuongoza misheni ya Tanganyika, alifia njiani kabla ya kuiona Tabora. Vyombo vya Misa, vitabu, dawa, vitambaa vya hongo, yaani ushuru wa kupita njiani, vyote vilikuja mabegani mwa watu ambao Injili yenyewe walikuwa hawajaisikia. Miaka ipatayo mitano kabla ya hapo, mwili wa Livingstone ulikuwa umepita Tabora ukishushwa Bagamoyo, umebebwa na Chuma, Susi na wenzao.

Nilipokuwa mdogo nilidhani imani ililetwa kwetu na watu weupe wenye ndevu. Leo, nikitazama ukubwa wa nchi hii dirishani, nawaona na waliobeba mizigo. Kwenye makaburi ya Bagamoyo majina yao hayamo.

Jumatano, Tabora

Nyumba ya mafungo ni ya masista, nje kidogo ya mji, ina miembe ya kale uani na kikanisa kidogo chenye mabenchi ya mninga. Asubuhi baridi ilikuwa ya kweli. Sweta limefanya kazi. Mlezi wa miito ni padre mzee anayeongea taratibu. Alinipokea kwa “Tumsifu Yesu Kristo”, akanionyesha chumba, akaniambia tutazungumza saa kumi jioni, na kabla ya hapo simu ikae kwake.

Andiko: Samweli wa Kwanza, sura ya 3, yote. Nilitegemea kulikuta jepesi, kwa sababu husomwa mara nyingi tunapoombea miito, na kila mtoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto kanisani, anajua kuigiza Samweli akiamka na kukimbia. Nimekaa nalo tangu Masifu ya Asubuhi mpaka saa nane mchana, na limenielemea.

La kwanza: neno la Bwana lilikuwa adimu siku zile. Sura inaanza katika ukavu. Samweli analala ndani ya hekalu, sanduku la Mungu liko humohumo, na bado aya ya 7 inasema alikuwa hamjui Bwana bado. Alikuwa mhudumu wa mahali patakatifu na hakumjua mwenye mahali. Mimi nasaidia kugawa masomo, naimba kwaya, nawafundisha watoto wa kipaimara. Nimeisoma aya hiyo ya 7 nikiwa nimepiga magoti.

La pili: sauti ilipomwita alidhani ni ya kuhani Eli, na hakuna anayemlaumu. Sauti ya Mungu ilifanana na sauti ya mzee wa nyumbani. Alikimbia mara tatu, na mara zote tatu alikwenda kwa mtu. Na aliyemwambia kwamba huyo ni Bwana alikuwa ni huyo Eli, mzee ambaye macho yameanza kuwa na giza, aliyeshindwa kuwazuia wanawe wakati walipoichezea sadaka. Mtoto alisikia sauti bila kuitambua. Mzee aliitambua bila kuisikia. Mpaka wakutane hao wawili ndipo mtoto anaweza kusema, “Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia.”

La tatu ndilo lililonitisha. Tunapoigiza Samweli kanisani huwa tunaishia kwenye sentensi hiyo, watu wanapiga makofi. Maandiko hayaishii hapo. Samweli anapofunguliwa sikio, ujumbe wa kwanza anaoupata hauhusu ukuu wake. Ni hukumu juu ya nyumba ya Eli, mtu aliyemlea. Analala hata asubuhi, anaamka, anafungua milango ya nyumba ya Bwana kama kazi yake ya kila siku, na anaogopa kumwambia Eli. Eli ndiye anayemlazimisha aseme lote, na akishasikia anakubali: ni Bwana, na atende lililo jema machoni pake. Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho wito ulimgharimu Samweli ni kumwambia mtu anayempenda neno linaloumiza. Nilipofika hapo niliona uso wa mama, nikatoka nje nikatembea chini ya miembe.

Saa kumi nilimweleza mlezi yote hayo. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema:

“Usinifanye mimi kuwa Bwana. Na usiniruke ukadhani utamsikia Bwana mwenyewe bila Eli yeyote. Mimi naweza kukosea kukusikia. Paroko wako anaweza kukosea. Ndiyo maana tuko wengi.”

Akaniuliza ninapojiona padre, najiona wapi. Nikasema altareni. Akatikisa kichwa. “Vizuri. Sasa jione usiku wa manane, mvua inanyesha, umeitwa kumpaka mafuta mgonjwa kigango cha mbali, pikipiki imekwama kwenye tope, na kesho una Misa tatu. Kaa na picha hiyo pia mpaka kesho.”

Alhamisi, Tabora

Usiku nililala vibaya na asubuhi sala haikupanda. Marko 10:17-22, mtu mwenye mali nyingi. Kwa saa nzima yalikuwa maneno tu. Mlezi alikuwa ameshanionya kuwa siku hii huja, na kwamba wakati wa ukiwa wa roho mtu hapaswi kubadili uamuzi wowote, abaki palepale alipokuwa siku ya mwanga. Nimebaki.

Adhuhuri sentensi moja ilinishika: “Yesu akamkazia macho, akampenda.” Alimpenda kabla ya kumwomba chochote, na hatuambiwi kuwa aliacha kumpenda alipoondoka kwa huzuni.

Mali sina. Ninachokishika ni kingine. Kuna binti, mwalimu mwenzangu, tuliyependana kwa moyo mweupe. Tulikwisha kuanza kuzungumzia barua ya posa. Nilipoona wazo hili haliondoki nilimweleza ukweli wote, maana yeye ndiye aliyestahili kuujua kabla ya mtu mwingine. Alilia, kisha akasema, “Nenda kafanye hayo mafungo. Ila usiniache njia panda.” Nilimwambia yuko huru, na sijamshikia ahadi. Leo nimemleta mbele ya Ekaristi wakati wa kuabudu, nikawaleta na watoto ambao pengine tungewapata. Sikujaribu kujionyesha shujaa. Nilikaa tu na uzito wake.

Jioni mlezi aliniuliza kama ninadhani ningekuwa mume mwema. Nikasema naamini hivyo, na ningetamani. Akafurahi, kitu ambacho sikukitegemea. Alisema wanaomtia wasiwasi ni wale wanaokuja kwake kwa sababu wanaogopa wanawake, au wameumizwa na mmoja, au hawawezi kukaa nyumba moja na mtu. Asiyeweza kuwa baba wa nyumba, akasema, parokia itamshinda. Useja unatolewa na mtu aliyekuwa na kitu cha kutoa.

Ijumaa, Kipalapala

Mlezi amenituma Kipalapala, Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo, nikasali huko na kuzungumza na frateri mmoja, mseminari wa teolojia, aliyekuwa bado hajaenda likizo. Frateri alinionyesha madarasa, maktaba, shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Njia nzima akanieleza: mwaka wa malezi ya awali, falsafa Kibosho au Ntungamo, teolojia hapa au Segerea au Peramiho, mwaka wa uchungaji katikati. Nitakuwa nakaribia miaka 40 kama yote yatakwenda sawa. Mapadre wa kwanza wazalendo wa nchi yetu walipata daraja la upadre mwaka 1917. Kati ya ule msafara wa 1878 na siku hiyo ilipita miaka 39, na hakuna aliyeharakisha.

Nilichokuwa sijakifikiria ni mpangilio wa Misa yenyewe ya daraja. Nimehudhuria kadhaa, lakini akili yangu huwa kwenye vigelegele. Frateri alinikumbusha. Kwanza majina yanatangazwa parokiani, na muumini anayejua kizuizi anawajibika kukisema. Siku yenyewe mtu anaitwa kwa jina, anaitika kwamba yupo, basi. Hasemi kuwa anastahili. Askofu anamgeukia padre aliyemleta na kumuuliza yeye kama anajua kuwa huyu anafaa, na padre anajibu kwamba taifa la Mungu limeulizwa. Ndipo askofu anasema kwa niaba ya Kanisa kwamba tunamchagua, na watu wote wanaitikia “Tumshukuru Mungu”. Miaka yote ya kujiuliza chumbani, kisha kwenye saa yenyewe wanaulizwa wengine.

Andiko la leo ni Marko 5:18-20. Mtu wa Wagerasi aliyetolewa pepo anamsihi Yesu amruhusu kufuatana naye, na Yesu hamruhusu. Anamwambia aende nyumbani kwa watu wa kwao akawahubiri mambo makuu aliyotendewa. Mtu yule alikuwa na nia safi, aliomba kwa unyenyekevu, na jibu likawa hapana. Na akawa mhubiri wa kwanza wa Dekapoli.

Nimemkumbuka Adrian Atiman. Alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea udaktari Malta, akafika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880. Alioa. Hakupewa daraja lolote. Alikuwa daktari na katekista wa Karema mpaka alipokufa mwaka 1956, zaidi ya miaka sitini ya kutibu na kufundisha dini. Huwezi kusema Atiman aliitwa kidogo kuliko padre aliyekuwa akimwadhimishia Misa. Nimejilazimisha kusali hivi: kama ndivyo, nirudishe darasani, nami nitakwenda kwa furaha. Nimeisema sala hiyo kwa sauti, kwenye kikanisa kitupu, na mara ya tatu ikawa ya kweli. Ajabu ni kwamba baada ya hapo hamu ya upadre haikupungua. Ilitulia.

Kitubio jioni. Kabla ya kulala mlezi alinirudishia simu na kusema neno lake: niendelee kufundisha mwaka mmoja, nimpigie kila mwisho wa mwezi, na wakati huohuo nianze kukusanya karatasi za maombi ya malezi ya awali.

Jumamosi, kijijini

Nimemkuta mama chini ya mwembe, ungo mapajani, akimenya karanga. Nikampa shikamoo, nikavuta kigoda, nikaanza kumenya naye. Tulizungumza mvua, bei ya pamba, watoto wa dada. Kisha nikamwambia, moja kwa moja kama dada alivyoagiza.

Vidole vyake havikusimama.

“Nilijua kuna kitu,” akasema. “Ukipiga simu unauliza habari za kanisa kuliko habari za ng’ombe.”

Nikamwambia sijaamua peke yangu na sitaamua peke yangu. Akamenya nyingine kadhaa. Halafu akaniuliza kama nakumbuka habari za Hana, mama yake Samweli. Sikuwa nimemtajia nilichosoma Tabora. Mama ni mwanachama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, tangu nikiwa mdogo, na Biblia yake ina jalada la kitambaa cha khanga alilolishona mwenyewe.

“Hana alikuwa na mmoja, akamtoa,” akasema. “Watu wanaishia hapo. Endelea sura ya pili. Bwana akamjia Hana, akazaa tena wana watatu na binti wawili. Wewe nilikuomba nikiwa nimekwisha kuzaa wasichana watupu, na baba yako akiwa anasemwa na ndugu zake. Sasa mimi nina miaka sitini. Nikikutoa, anipe nani?”

Nimefundisha miaka, nimezoea kuulizwa maswali magumu na watoto wenye akili. Hili sikulijibu. Nilimwambia, “Sijui, mama.” Akasema, “Basi tumuulize wote wawili,” akanyanyua ungo, akaenda kupepeta.

Jumapili, kijijini

Kigango chetu kiko mbali na parokia, na padre hutufikia mara moja kwa mwezi njia ikiwa nzuri. Leo haikuwa zamu yetu. Katekista aliongoza ibada ya Neno, akahubiri vizuri na kwa ufupi, tukaimba, tukatoa sadaka, tukaenda nyumbani bila Ekaristi. Kule Pwani nachagua kati ya Misa ya kwanza na ya pili. Hapa bibi mmoja aliyekaa mbele yangu alipiga magoti palepale ambapo kungekuwa na mageuzo ya mkate na divai, akainamisha kichwa, akainuka.

Nje nilimsalimia baba mkubwa. Mama alikuwa ameshamdokeza usiku. Aliniuliza upadre unalipwa nini, nani atanizika, na kama ng’ombe wa baba nitawaacha kwa nani. Nilijibu nilichoweza. Kisha akageuka kutazama kanisa letu la tofali za kuchoma lisilo na dari.

“Huyu padre anayekuja hapa kwa pikipiki,” akasema, “ametoka mji wa nani? Na yeye si ana baba yake?” Nilidhani ndilo jibu, moyo ukanipiga. Akainua mkono. “Nauliza tu. Jambo la mji haliongelewi mlangoni pa kanisa. Tutakaa Agosti, mazao yakishauzwa, na wajomba zako wawepo.”

Jumatatu, kijijini

Paroko amenipa orodha: cheti cha ubatizo, cha kipaimara, vyeti vya shule, barua yake, cheti cha daktari, na cheti cha ndoa ya Kanisa ya wazazi. Hicho cha mwisho anacho mama, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na kadi zetu za kliniki na kitabu cha sala cha marehemu bibi kilichopigwa chapa hapo Tabora. Alikitoa mwenyewe, akakifungua: sahihi ya baba, ya kwake, ya mashahidi wawili, muhuri wa misheni umefifia pembeni. Akakitia kwenye bahasha ya kaki.

“Nenda nacho Nzega mjini ukatoe nakala,” akasema, “na ukirudishe leoleo. Nakala chukua. Chenyewe hakitoki humu mpaka hao wajomba zako wakae.”